Hisabu ya Duara na Tarakimu Zake



Na ajue msomaji ya kwamba asiyeiona taratibu katika jambo hana haki ya kusema taratibu haimo. Mfano wake ni hisabu ya duara, yaani mzingo wake ni mara ngapi ya kipenyo chake.

Watu wengi hutumia 22 kugawanywa kwa 7. Mwenye kugawa hupata 3, na baada ya nukta 142857, kisha hizo hizo tena, daima. Taratibu hiyo huonekana hata na mtoto wa chuoni. Lakini hesabu hiyo hukaribia tu, wala haifiki.

Katika mwaka 827 wa Hijra, ndio 1424 wa Miladi, Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi wa Samarkand alitaka hesabu ambayo kosa lake, hata katika duara la ulimwengu, lisifikie unene wa unywele wa farasi. Akapima kwa umbo lenye pande 805,306,368, kwa kalamu na subira tu, akapata kuwa mzingo ni mara 6.2831853071795865 ya nusu ya kipenyo. Ilipita zaidi ya miaka 170 kabla hajatokea wa kumpita. Nusu ya hesabu hiyo ndiyo 3.14159 na kuendelea. Na katika mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kuwa tarakimu zake hazina mwisho wala hazirudi kwa zamu kama zile za 22 kwa 7.

Zilipohesabiwa tarakimu 1,000,000 za kwanza baada ya nukta, 7 ilionekana mara 99,800 na 5 mara 100,359. Karibu sawa, kana kwamba zimepigiwa kura. Kuanzia mahali pa 762 zimefuatana 9 sita. Mpiga ramli ataona hapo ishara. Lakini katika safu ndefu hata kura tupu huleta mafungu kama hayo.

Na juu ya hayo, hapana hata tarakimu moja iliyoangukia hapo kwa bahati. Kura ikipigwa mara mbili huleta mambo mbali mbali. Duara likihesabiwa mara elfu, Mashariki au Magharibi, huleta yale yale. Je, tarakimu zote kumi zitakwenda sawa hivyo milele? Zimekwisha tolewa kwa matirilioni, na hata sasa hajapatikana aliyelithibitisha hilo wala aliyelikanusha.