Majibu ya tezi yameandikwa "chanya" mara tatu. Mama ana virusi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 64, alitolewa tezi shingoni. Majibu ya kwanza yalisema "limfoma ya seli B ndogo". Baada ya wiki mbili yakaja mengine: CD20 chanya, CD5 chanya, CD23 hasi, saiklini D1 chanya. Sasa tunaambiwa ni limfoma ya mantle. Je, mwanzo walikosea? Na hizo chanya ni virusi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tuanze na hizo chanya, maana naona ndizo zilizokunyima usingizi. Si virusi. Neno hilo tumelizoea kwenye kipimo cha VVU, na laiti maabara zetu zingetafuta lingine. Hapa maana yake ni kwamba protini fulani imeonekana kwenye seli; hasi, haikuonekana.

Wala hawakukosea. Kwa rangi za kawaida za hadubini, limfoma za seli B ndogo hufanana kama punje za mtama, na mtaalamu mwaminifu haandiki zaidi ya alichokiona. Ndipo hurudi kwenye kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta, akakichanja vipande vyembamba kuliko unywele, kila kimoja akakiwekea kingamwili inayonasa protini moja tu. Protini ikiwepo, seli hugeuka kahawia.

CD20 ilithibitisha kwamba ni seli B. CD5 ndiyo ya kushangaza: kwa kawaida ni alama ya seli T, na limfoma za seli B zinazoibeba ni chache. Wakabaki washukiwa wawili wakuu, mantle na lukemia sugu ya limfosaiti, ambayo nayo huvimbisha tezi. Hiyo ya pili kwa kawaida huwa na CD23; ya mama haina. Saiklini D1 ikamaliza ubishi. Protini hii huisukuma seli igawanyike, na kwenye mantle huzalishwa kupita kiasi kwa sababu vipande vya kromosomu ya 11 na ya 14 vimebadilishana mahali. Hata hivyo kuikosa hakuondoi mantle: zipo chache zisizo nayo, na hapo hutafutwa protini nyingine, SOX11.

Wiki mbili hizo zilikuwa na faida. Wagonjwa wengi wa lukemia ile hufuatiliwa tu kliniki, pengine kwa miaka, bila dawa. Mantle mara nyingi hudai matibabu mapema, ingawa zipo zinazokwenda polepole. Na CD20 chanya ina heri yake: dawa ya rituksimabu hunata kwenye protini hiyohiyo.

Mkirudi kliniki, ulizeni asilimia ya Ki-67, inayoonyesha ni seli ngapi zimo katika kugawanyika. Kwenye mantle, ikifika 30 au zaidi, ugonjwa huenda kasi. Na mkihamishiwa hospitali nyingine, ombeni kipande cha nta kiende nanyi. Kinaenea kwenye bahasha, na kinaweza kumwepusha mama na kisu cha pili.