Nani hulipia utafiti wa kupe wa muusi?

Swali: Nasikia kupe wanaua muusi, wale kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini. Nani hugharamia utafiti wa mnyama asiyefugwa na mtu?

Jibu: Kwa Marekani, mchango mkubwa hutoka kwa wanunuzi wa silaha. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 hutoza kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Fedha hizo hulipia hadi robo tatu ya mradi, na jimbo hujazia.

Katika utafiti wa muusi, nyingi huishia kwenye helikopta na kola za redio za ndama. Ni ghali, lakini bila kola mzoga huoza msituni kabla chanzo cha kifo hakijajulikana. Kupe hawa humpanda ndama wakati wa vuli na kumnyonya hadi machipuko, makumi ya maelfu kwa pamoja, malisho yakiwa haba. Huko Maine, asilimia 86 ya ndama waliofungwa kola walikufa katika msimu wa baridi wa 2021/22.

Kufadhili miaka miwili tu naona ni hasara. Theluji ikichelewa kupe huongezeka, ikiwahi hupungua. Mtafiti anahitaji kuiona misimu ya aina zote mbili, tena zaidi ya mara moja.