STEKI, MNOFU NA SARARA: MAANA YA NENO LA MKOPO KATIKA MABUCHA YA MSIMBAZI

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza neno "steki" kama litumikavyo katika mabucha ya Msimbazi na Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba maana ya neno la mkopo huamuliwa na mahitaji ya wasemaji wa lugha pokezi, si na lugha chanzi.

2.0 Umbo

"Steki" limetokana na Kiingereza "steak". Irabu unganifu imekuwa /e/, na /i/ imeongezwa mwishoni ili kupata silabi wazi. Mfuatano /st/ umebaki, kama katika "stesheni" na "stoo".

3.0 Maana

Katika Kiingereza, neno hilo hutaja hasa pande la nyama la kuchoma au kukaanga. Msimbazi, steki ni nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, hata ikikusudiwa pilau. Kinyume chake ni "mchanganyiko", yaani nyama pamoja na mifupa, ambayo bei yake ni nafuu. Kwa hiyo mnunuzi aombaye steki hataji pishi. Hutaja daraja la bei.

Kitagalogi kilipata neno hilohilo kupitia Kihispania, likawa "bistek", jina la pishi la nyama yenye vitunguu na sosi ya soya. Chanzo ni kimoja, maana ni mbili.

Yaweza kudaiwa kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha. Hata hivyo, "sarara" hutaja sehemu ya mwili, yaani nyama laini ya mgongoni. "Mnofu" hutaja nyama tupu kwa jumla, hata ya samaki. Hakuna kati ya hayo linalotaja daraja la mauzo. Pengo hilo ndilo lililozibwa na steki.

Mabadiliko ya namna hii si mageni mahali hapa. "Bucha" limetoka kwa neno la mtu likawa la duka. Na "Kariakoo", kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya 1914–1918, likawa jina la mahali.

4.0 Hitimisho

Mtunga kamusi akifasili steki kwa kutafsiri Kiingereza tu, fasili yake haitamsaidia mnunuzi kujua anacholipia. Fasili sahihi ianzie kwenye mizani ya bucha.