Volti 24 na Redio ya Volti 12: Somo la Umeme Katika Gari la Zamani la Jeshi

Utangulizi

Mwalimu wa umeme hutahiniwa hasa pale mwanafunzi anapokokotoa sawasawa, kisha akafikia jambo ambalo mtambo unalikataa. Mwanachuo mmoja aliniuliza hivi katika karakana: "Mwalimu, Land Rover hii ya jeshi ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Redio yetu ni ya volti 12. Kwa nini tusiiunge kwenye betri moja tu?" Nilimjibu kuwa yafaa. Redio ikalia vizuri, nasi tukafurahi. Baada ya majuma machache gari lilikataa kuwaka. Betri iliyolisha redio ilikuwa imekwisha nguvu, na mwenzake ilikuwa imekauka maji.

Hasara ya betri mbili si ndogo kwa chuo. Lakini kubwa zaidi ni kwamba wanachuo wale walikuwa karibu kwenda kufundisha, na jibu langu lingekwenda pamoja nao. Ndiyo sababu nimeliandaa upya somo hili, nami naliweka hapa mbele ya walimu wenzangu.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini kifaa cha volti 12 kisiungwe kwenye betri moja kati ya mbili zilizo katika mfuatano;
(b) kutaja njia zilizo salama;
(c) kuchagua fyuzi na kufungua betri kwa utaratibu.

Vifaa

Seli kavu nne za volti 1.5, balbu ndogo ya tochi, nyaya, voltimita, makopo mawili yaliyo sawa, vikombe viwili na maji. Gari lenyewe likipatikana ni vyema, lakini somo lafundishika bila gari.

Hatua ya kwanza: Kupima kabla ya kudhani

Waambie wanafunzi kwamba magari ya jeshi hayafanani. Jeep ya Willys MB iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa ya volti 6. M38, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ilikuwa ya volti 24. Jeshi la Uingereza lilikuwa na Land Rover za volti 12 kwa kazi za kawaida, na nyingine za volti 24 zilizoandaliwa kubeba redio za mawasiliano. Kwa hiyo sura ya gari haitoshi kutuambia volti zake. Voltimita ndiyo shahidi.

Kisha wakokotoe hatari ya kukosea. Taa ya volti 12 na wati 24 huchukua ampea 2, yaani ukinzani wake ni omu 6. Ikiungwa kwenye volti 24, na tuseme ukinzani haukubadilika, itachukua ampea 4, na nguvu itakuwa wati 96. Volti zimezidi mara mbili, bali nguvu imezidi mara nne. Taa itaungua, na redio hali kadhalika.

Hatua ya pili: Kuonyesha betri inavyochoka peke yake

Unga seli mbili ziwe jozi A, na nyingine mbili ziwe jozi B. Kisha unga jozi hizo kwa mfuatano. Wanafunzi wapime kila jozi na kuandika. Washa balbu kwenye jozi A pekee kwa kipindi kizima, halafu wapime tena. Jozi A itakuwa imepungua, B ingali kama ilivyokuwa. Seli kavu zisitiwe chaji kamwe. Jaribio letu linaishia hapo.

Hatua ya tatu: Makopo mawili

Hapa ndipo lilipo fundo la somo. Jaza makopo A na B maji mpaka ukingoni. Toa vikombe kumi katika kopo A. Hiyo ndiyo kazi ya redio. Sasa toa sharti: kila kikombe kinachotiwa A, kingine kama hicho kitiwe B papo hapo. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba A haliwezi kujaa ila B limwagike.

Eleza kwamba katika mfuatano mkondo wa kuchaji ni mmoja, nao hupita katika betri zote mbili. Redio ya ampea 2 ikilia saa 5 hutoa ampea-saa 10 katika betri A. Kuzirudisha ni lazima kiasi hicho hicho kipite katika betri B, ambayo imekwisha kujaa. Umeme huo wa ziada huyapasua maji ya betri B kuwa gesi, nayo hukauka.

Kidhibiti cha alteneta hakioni kosa hili, kwa kuwa hupima jumla tu. Betri A ikiwa na volti 13 na B volti 15, jumla ni 28, nacho huridhika. Hivyo A hubaki na njaa, na B huvimbiwa.

Hatua ya nne: Njia zifaazo

1. Kununua kifaa cha volti 24. Kwa taa, hii ndiyo njia nyepesi.
2. Kutumia kipunguza volti, kinachounganishwa na betri zote mbili na kutoa volti 12. Kikitoa ampea 10, yaani wati 120, nacho kikapoteza sehemu moja katika kumi ya nguvu kinayopokea, kitavuta kama ampea 5.6 tu, tena kwa usawa kutoka betri zote.
3. Kuunga taa mbili za volti 12 zilizo sawa kabisa kwa mfuatano. Moja ikiungua, zote huzimika.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, na ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Fyuzi huulinda waya usiwake moto.

Tahadhari

Pete na saa zivuliwe. Moto usikaribie, kwa maana gesi ya betri hulipuka. Asidi ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi. Waya uliofungwa bodini ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete cheche. Wanafunzi wahakikishe ni ncha ipi iliyofungwa bodini. Katika magari mengi ni hasi, lakini yapo ya zamani yaliyofungwa chanya.

Kupima maarifa

Uliza: "Redio mbili za volti 12, kila moja kwenye betri yake, je, yafaa?" Mwanafunzi aliyeelewa atajibu kwamba haifai, isipokuwa zitumie mkondo sawa kwa muda sawa, jambo lisilotazamiwa. Pia atakumbusha kwamba redio ya betri ya juu haiko kwenye volti za bodi, na kava lake la chuma likigusa bodi huleta hitilafu.

Hitimisho

Nilimrudia mwanachuo yule mbele ya darasa, nikakiri kwamba nilimjibu vibaya, kisha tukalifanya jaribio la makopo pamoja. Heshima yangu haikupungua. Mwalimu akisahihisha kosa lake hadharani, wanafunzi hujifunza umeme, na hujifunza ualimu pia.