Chini ya Msimamizi Mkali

Ndugu msomaji, huenda unafanya kazi chini ya msimamizi asiyekuamini, akuchunguzaye kila saa na kukukaripia mbele ya wenzako. Usimlipe kwa uvivu wa siri, maana mshahara huo utakuwa umeupokea kwa hiana, na Mwenyezi Mungu anaona. Nabii Musa a.s. alipotumwa kwa Firauni aliamrishwa kusema naye kwa upole; nawe mweleze mkubwa wako faraghani, kwa adabu. Asiposikia, ardhi ya Mungu ni pana. Anas r.a. alimtumikia Mtume Muhammad s.a.w. kwa miaka 10, wala hakupata kulaumiwa kwa alilolitenda au kuliacha. Basi siku utakaposimamia watu, fuata mfano wa Mtume, si wa aliyekutesa.