SOMO LA KILIMO: MAJANI TUNAYOYACHOMA



Katika Mwanzo 2:15 twasoma kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni kulima, na hiyo twaifanya. Ya pili ni kutunza, na juu ya hiyo yatupasa kujihoji, hasa miezi ya Septemba na Oktoba, wakati milima iliyo juu yetu inapofuka moshi.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tumezoea kuandaa shamba kwa kiberiti. Moto ni kibarua rahisi, hauombi chakula wala ujira. Lakini tuangalie unakula nini. Majani makavu yana naitrojeni ndani yake, nayo ndiyo inayoyapa mahindi rangi ya kijani iliyokolea. Majani yakichomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hupanda na moshi. Hubaki majivu, yenye potasi na chokaa, nayo ni mazuri. Ila mvua ya kwanza huikuta ardhi i uchi, ikayachukua majivu pamoja na udongo wa juu mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka ziwani. Wavuvi wasidhani habari hii haiwahusu. Mbasa hupanda mitoni kutaga mayai penye changarawe na maji safi. Tope likiifunika changarawe ile, mayai hukosa hewa yakafa. Basi anayechoma shamba mlimani amegusa pia wavu wa jirani yake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Huko juu, katika milima ya Mbinga, ndugu zetu Wamatengo hulima ngoro. Katika karne ya 19, wakati wa vita vya Wangoni, walikimbilia milimani, wakawa watu wengi mahali padogo penye mteremko mkali. Kuhamahama hakukuwezekana. Ilibidi mlima uleule uwalishe wao, na watoto wao, na wajukuu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwezi Machi, mvua zikielekea mwisho, wanaume hufyeka majani. Yakinyauka, hupangwa kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likafanana na daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba upana wa mita moja na nusu hivi. Ndipo akina mama huja na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya majani pande zote nne, humwaga mbegu za maharagwe, kisha huzifunika kwa udongo mwingine utokao katika shimo lilelile. Mwishowe katikati pana shimo, pembeni pana matuta, na ndani ya matuta majani yamezikwa. (Kazi hiyo ya jembe ni ya akina mama. Twaitaja ili mtu asije akasema kwamba mlima ule umelimwa na wanaume.)

Mvua inyeshapo, maji hayapati njia ya kukimbia. Kila shimo hupokea sehemu yake, udongo uliochukuliwa hutua chini, na maji huzama polepole. Magugu yanayopaliliwa hutupwa humo humo yakaoza. Zamu nyingine ya kulima ikifika, mashimo mapya huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, hivyo udongo wa shamba zima huzungushwa bila kutoka shambani.

Sasa swali ambalo tungemwuliza mwanafunzi: kwa nini maharagwe kwanza, na mahindi baadaye, mwezi Desemba? Majani makavu yaliyozikwa, yanapoanza kuoza, huazima naitrojeni ya udongo kwa muda. Zao lenye njaa kama mahindi likipandwa hapo mara moja lingegeuka manjano. Lakini maharagwe hujitafutia yenyewe. Kwenye mizizi yake mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu mna vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani. Ng'oeni mche mmoja taratibu unapotoa maua, mkate kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu-chekundu ndani, kinafanya kazi. Kufikia Desemba majani yameoza, deni limelipwa, na mahindi hukuta meza imeandaliwa. Watu wa ngoro walifika hapo kwa kutazama, kabla bwana shamba yeyote hajafika kwao.

Tulinganishe na yaliyotokea Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi ngazi zile zilifunua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, kukawa na ghasia, na mpango ukaachwa. Kuzuia udongo bila kuulisha hakukuwafaa kitu.

Hatusemi kila Mkristo achimbe ngoro. Penye mchanga karibu na ufuko hazifai, na hata huko Mbinga waliohamia kwenye miombo wengi hulima matuta ya kawaida. Pia hatukatai mbolea ya dukani. Tangu mwaka 2022 serikali imetoa ruzuku, na anayeipata aitumie. Lakini udongo usio na mabaki ya majani haushiki mbolea hiyo. Mvua huipitisha, na fedha ya mkulima nayo imepita.

Jaribuni hili kabla ya kikao kijacho. Chukueni bonge kavu la udongo wa shamba lililochomwa miaka mingi, na bonge lingine la ukubwa uleule kutoka chini ya mwembe. Yawekeni taratibu katika glasi mbili za maji. Tazameni lipi linasambaratika kwanza, na maji yapi yanachafuka.

Kisha Umoja wa Akina Mama na vijana wachague kipande kimoja cha shamba la kanisa, hatua ishirini kwa ishirini, kisichomwe mwaka huu. Majani yafyekwe na kulazwa kukingama mteremko, kati ya mihogo, na kunde zipandwe hapo.

Maswali ya kuzungumza: Nani katika kijiji chetu huwasha moto wa kwanza, na kwa haja gani: shamba, malisho, au panya? Nyumba isiyo na mtu wa kufyeka, kama ya mjane au mzee, itasaidiwaje? Na moto ukivuka kutoka shamba la jirani hadi kipande chetu, tutamwendea nani, na kwa maneno gani?