Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kunadi

Marehemu mjomba aliacha albamu moja ya stempu, na ndani yake zilikuwamo stempu kumi na mbili za Zanzibar zenye sura ya Sultani Sayyid Abdulla bin Khalifa. Juu ya sura hiyo, kwa wino mweusi uliokaa upande, pamegongwa maneno JAMHURI 1964. Ni stempu za toleo la 1961. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, zile za zamani ziligongwa muhuri kwa mkono zikaendelea kutumika. Wakusanyaji wa Uingereza, ninakoishi, bado wanazitafuta. Nikazipiga picha mbili, nikaandika mistari mitatu, nikazitia kwenye tovuti moja ya mnada kwa siku saba, bei ya kuanzia haifiki pauni moja.

Siku ya sita dau lilikuwa pauni nne. Dakika ya mwisho likaruka hadi sitini na moja, nikampigia dada yangu Unguja simu ya furaha. Siku kumi na mbili baadaye mnunuzi akafungua shauri kwamba mihuri ni ya kughushi. Tovuti ikatazama picha zangu mbili, ambazo hata mimi sikuweza kusoma muhuri ndani yake, ikamrudishia fedha zote na gharama za posta, na usafirishaji wa kurudi nikalipia mimi. Stempu zilizorudi zilikuwa kumi na moja.

Nimeuza vitu vingi tangu siku hiyo: kamera, visahani, kanga za zamani, cherehani moja iliyonitoa jasho. Na kila ninapowasikia ndugu zetu huku wakilalamika kwamba wametapeliwa, wamecheleweshewa fedha au mali yao imeenda kwa bei ya bure, mara nyingi naona chanzo kimoja. Kwenye mnada wa mtandaoni nguvu ya muuzaji iko kabla hajabonyeza kitufe. Akishabonyeza, mambo yanashikwa na saa na mnunuzi.

Saa ndiyo dalali

Aliyewahi kusimama Feri, Dar es Salaam, samaki wanaponadiwa, anajua kwamba dalali hafungi bei mpaka midomo inyamaze. Mtu akiongeza hata kidogo dakika ya mwisho, mnada unaendelea. eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar nchini Marekani mwezi Septemba 1995, haiendi hivyo. Muda uliopangwa ukiisha, aliye juu amechukua, hata kama wengine wawili walikuwa bado wanaandika.

Ndiyo maana wanunuzi wazoefu huvizia. Mwaka 2002 wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti uliolinganisha eBay na mnada ambao Amazon ilikuwa ikiuendesha miaka ile. Kwa Amazon, dau likiwekwa ndani ya dakika 10 za mwisho, muda ulikuwa unaongezwa. Huko uviziaji ulikuwa mdogo, na eBay ulikuwa mwingi. Kwa hiyo ukimya wa siku nne au tano usikutie hofu ukaufuta mnada wako, na wala usikubali ujumbe wa mtu anayekuambia siku ya tatu, “Nipe sasa hivi kwa pauni kumi, huoni watu hawataki?” Anajua kwamba wanataka. Ndiyo maana ana haraka.

Saa hiyo ina jambo jingine linalowaponza wengi wetu tunaofanya kazi za zamu. Mnada wa siku saba hufungwa saa ileile uliyoufungua. Ukirudi kazini saa tisa usiku, ukaketi jikoni ukapandisha tangazo lako, litafungwa saa tisa usiku, wanunuzi wako wakiwa wamelala. Andaa kila kitu usiku huo ukipenda, ila panga lianze Jumapili saa mbili usiku, kwa saa za nchi aliko mnunuzi.

Sasa sikiliza vizuri namna bei inavyopatikana, maana hapa ndipo penye machungu makubwa. Mnunuzi huandika kiwango chake cha juu kabisa, na hakuna mwingine anayekiona. Mfumo humpandishia dau kidogo kidogo, kwa kiasi tu kinachotosha kumpita wa pili wake. Tuseme Juma yuko tayari kulipa pauni 200 kwa redio yako, na anayemfuata mwisho wake ni 30. Utapata 30 na kidogo. Ile karibu 170 iliyobaki mfukoni mwa Juma hutaiona kamwe. Bei ya mnada huamuliwa na mtu wa pili. Kwa hiyo kitu ambacho unaamini kina mteja mmoja tu duniani usikitie mnadani. Kiwekee bei maalumu, ruhusu watu waombe kupunguziwa, kisha subiri hata miezi mitatu. Mnada ni wa vitu vinavyogombewa na wengi, au vile ambavyo hujui thamani yake na unataka soko likuambie.

Bei ya kuanzia iwe ile ambayo mali ikiondoka kwayo hutalala na kinyongo. Senti tisini na tisa huvuta macho, ni kweli, lakini kuna wiki ambazo huvuta mtu mmoja tu. Kuna pia bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa huuzi. Hiyo hulipiwa ada, na wanunuzi wengi wakiiona wanapita. Mimi siitumii.

Na tafadhali usimwombe shemeji akusaidie kupandisha dau. Tovuti zimekataza, na sheria nayo haicheki. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimwadhibu muuzaji aliyekuwa akijipandishia bei kwa akaunti ya pili.

Maelezo ndiyo wakili wako

Mnunuzi wa eBay ana ulinzi. Kitu kisipofika, au kikifika tofauti na kilivyoelezwa, ana siku 30 za kulalamika, na muuzaji ana siku 3 za kazi za kujibu. Wengi huandika kwa herufi kubwa “KIKIUZWA HAKIRUDISHWI” wakadhani wamefunga mlango. Hawajafunga kitu. Maneno hayo humzuia aliyebadili mawazo tu. Anayesema kitu si kile alichoelezwa bado analindwa, na kurudisha kunalipiwa na muuzaji.

Anayeamua shauri hakijui kitu chako. Anasoma maelezo, anatazama picha, basi. Kwa hiyo andika kama mtu anayetoa ushahidi. Anza na kasoro: ufa uko wapi, una urefu gani, betri inakaa saa ngapi, kitufe kipi kinakwama. Mnunuzi akifahamishwa kasoro kabla, hana la kufungulia shauri. eBay inaruhusu picha hadi 24. Zitumie. Namba ya kifaa ionekane, ili asije akakurudishia chake kibovu badala ya chako. Ukiwa unauza stempu, piga mbele na nyuma, gundi ionekane, meno ya pembeni yahesabike, na kando yake weka rula.

Kama huna uhakika na jambo, liandike hivyo hivyo. Kosa langu kwenye zile stempu halikuwa picha peke yake. Niliandika “halisi” kana kwamba nilikuwapo zilipogongwa. Mihuri ya mkono ya 1964 imeigwa, na wa kuihukumu ni mtaalamu. London kuna kamati ya Royal Philatelic Society inayotoa vyeti vya aina hiyo. Mimi cheti sikuwa nacho, nikatia neno ambalo sikuweza kulitetea.

Asiyelipa

Huyu anauma kwa sababu anakupotezea wiki nzima. Ameshinda, kisha kimya. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 4 za kulipa. Kuanzia siku ya 5 unaweza kufuta mauzo na kutaja sababu kwamba hakulipa. Fanya hivyo bila kugombana naye, kisha tazama orodha ya waliopandisha dau. Tovuti hukuruhusu kumpelekea aliyekuwa wa pili nafasi ya kununua kwa dau lake mwenyewe, na mara nyingi anakubali kama hujachelewa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti uwazuie wenye historia ya kutolipa na wale walio katika nchi ambako hutumi mizigo. Hilo nalo lilitakiwa kufanywa mapema.

Usitegemee kumwadhibu kwa maoni. Tangu 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, ilhali mnunuzi anaweza kumwandikia yeye. Naelewa sababu: wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi, na wanunuzi wakaogopa kusema ukweli. Bado naona mizani imeelemea upande mmoja, na muuzaji mdogo ndiye anayeubeba uzito huo.

Kifurushi na ushahidi wake

Tuma kwenye anwani iliyoandikwa kwenye oda, hiyo tu. Mnunuzi akikuomba upeleke “kwa binamu yangu mtaa wa pili”, umeacha ulinzi wako mlangoni. Tumia huduma yenye namba ya kufuatilia mzigo, maana bila namba hiyo akisema hakikufika huna jibu. Kwa mauzo ya dola 750 na zaidi nchini Marekani, eBay inadai sahihi ya mpokeaji pia. Huku Uingereza uthibitisho wa kutuma hutolewa bure dirishani posta; uombe na uutunze. Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi ile ndogo ndiyo daftari lako.

Mimi siku hizi napiga video moja bila kukata: kitu, namba yake, kinaingia kwenye boksi, boksi linafungwa, lebo inabandikwa. Dakika mbili. Haishindi kila shauri, lakini unapojibu malalamiko unakuwa na cha kuonyesha.

Matapeli nao wana njia zao, na iliyoenea huanza na maneno matamu: “Tuhamie WhatsApp.” Huko utapewa kiungo cha “kupokea malipo” kinachotaka namba ya kadi yako. Au itakuja barua pepe yenye nembo ya tovuti, inasema fedha zimezuiwa mpaka utume mzigo kwanza. Fungua akaunti yako mwenyewe, usipitie kiungo. Kama malipo hayaonekani humo, hakuna malipo.

Hesabu, kodi, na kiti cha bibi

Muuzaji wa kawaida wa eBay nchini Marekani hukatwa asilimia 13 na ushei katika aina nyingi za bidhaa, na wengi hawajui inakatwa kwenye nini. Inakatwa kwenye jumla yote: bei, posta, hata kodi ya mauzo aliyolipa mnunuzi. Kitu cha dola 50 na posta ya dola 10 kinakatwa kwenye 60, kabla hata ya kodi. Uingereza ada hiyo iliondolewa kwa wauzaji binafsi Oktoba 2024, na tangu Februari 2025 mnunuzi ndiye anayeongezewa ada ya ulinzi. Ukitangaza kwa 20 yeye anaona zaidi ya 20, kwa hiyo linganisha bei yako na ile anayoiona yeye. Usipange pia kulipa kodi ya nyumba kwa fedha za kitu ulichouza jana, maana mara nyingi fedha husubiri mzigo ufike kwanza.

Tangu Januari 2024 tovuti hizi hukusanya na kuipa mamlaka ya kodi ya Uingereza taarifa za muuzaji aliyefikisha mauzo 30 kwa mwaka au aliyepita yuro 2,000. Watu wamepata presha bure kwa hili. Kuuza sofa yako kuukuu kwa kawaida hakukufanyi mfanyabiashara. Ukinunua ili uuze kwa faida, hiyo ni biashara, na mapato yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi unatakiwa ujiandikishe.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu viti vya enzi vya Lamu na Unguja vilivyotiwa nakshi ya pembe. Kabla ya kukipiga picha kiti cha bibi, simama. eBay ilipiga marufuku pembe za ndovu tangu 2009, na sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika Juni 2022 inakataza kuziuza isipokuwa kwa misamaha michache. Mmoja wapo ni wa vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe haifiki asilimia 10, navyo ni lazima visajiliwe kwanza. Mfupa wa ng'ombe unaruhusiwa, lakini ni mtaalamu atakayekuambia kama ulichonacho ni mfupa au ni pembe.

Zile stempu kumi na moja niliziuza tena baada ya miezi mitatu. Picha ishirini na mbili, kila stempu mbele na nyuma. Mstari wa kwanza ulisema mihuri haijathibitishwa na mtaalamu, wa pili ulitaja ile yenye kona iliyochanika. Bei ya kuanzia pauni ishirini na tano, kufungwa Jumapili saa mbili usiku. Zilikwenda kwa arobaini na tatu, na hazikurudi. Mnunuzi aliniandikia baadaye, kwa heshima, akiuliza zilitoka wapi. Nikamwambia mjomba alikuwa karani wa dirishani, Posta ya Shangani, mwaka ule ule wa 1964. Akajibu kwamba angejua hilo mapema angeongeza dau.